Injini kuukuu za mashua: nguvu, mngurumo na uhai wake ziwani

Kutoka Dunga, Kisumu, hadi Usenge, Mbita na Muhuru, safari ya mvuvi husikika kabla ya kuonekana. Injini nyingi zinazofungwa nyuma ya mashua za Ziwa Victoria ni za mapigo mawili, zikiwemo Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15, 25 na 40, na si ajabu moja kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Nambari iliyobandikwa kwenye kifuniko haielezi yote. Ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani. Katika kimo hicho injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Farasi 15 wa kiwandani huwa kama 13 na nusu, hata kabla ya pistoni kuchakaa. Hivyo si kila injini nzito kuchapuka ni mzee. Fundi mjuzi huifunga propela ambayo kila mzunguko wake husukuma mashua umbali mfupi kidogo, ili injini ifikie kasi yake.

Mngurumo nao una chanzo chake. Injini ya mapigo mawili hulipua mafuta katika kila mzunguko, ilhali ya mapigo manne hufanya hivyo mara moja katika kila mizunguko miwili. Anayeumia zaidi ni nahodha, aliyeshika usukani kando ya injini kwa saa nyingi. Kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, ingawa ni vigumu kuona nani angeenda kuzipima katikati ya maji.

Je, mbona hudumu? Hazina vali kama za injini za mapigo manne, sehemu zake ni chache, na maji baridi hayali chuma kama chumvi ya bahari. Kinachoziua mapema ni ubahili wa oili: kwa kawaida lita 50 za petroli huhitaji lita moja, na anayepunguza hununua pistoni. Adui wa pili ni gugumaji, lililoingia upande wa Kenya yapata 1990. Majani na mizizi huziba tundu la kuvutia maji, injini ikachemka. Uzi wa maji unaoruka nyuma ukikatika, injini izimwe papo hapo. Kuzimiwa mbali na ufuo, upepo ukivuma, kumegharimu maisha.

Gharama nyingine haionekani. Katika injini hizi za kabureta, hadi robo ya petroli hutoka bila kuungua, ikaingia katika maji yale yale yanayotekwa kwa kunywa. Injini za mapigo manne ni tulivu na hazili mafuta mengi, lakini ni ghali na nzito kubeba hadi nyumbani usiku kwa kuhofia wezi. Za umeme, ambazo betri zake hukodishwa, zimeanza kuonekana katika baadhi ya fuo.

Anayenunua iliyotumika asiridhike na rangi mpya wala kishindo. Afungue skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia.