Shairi la Ubeti Mmoja: Umbo, Mizani na Hali Yake

Kiswahili kilifika hapa Kisangani katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara kama Tippu Tip. Urithi wa lugha hii ni wetu pia, na ushairi ni sehemu ya urithi huo. Basi yafaa tutazame shairi fupi la ubeti mmoja, kama alivyotunga Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi yapata 1776 hadi 1840.

Umbo lake ni mistari minne. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Tupime mfano wetu wenyewe: "Tuko hapa Kisangani, twamshukuru Muumba." Hesabuni kwa vidole: 8 na 8. Tukisema "Tuko hapa mjini Kisangani", mizani yazidi, na sikio lakataa.

Tena kuna vina. Katika mistari mitatu ya kwanza, vipande vya kati huishia kwa sauti moja, na vya mwisho kwa sauti nyingine. Mstari wa nne mara nyingi hugeuza vina hivyo, na hapo ndipo neno kuu hutolewa.

Hali ya shairi yatoka humo humo. Muyaka aliwatetea Wamazrui wa Mombasa katika ugomvi wao na Lamu. Kejeli yake au fumbo lake humngojesha msikilizaji mistari mitatu, kisha wa nne humchoma.

Umbo hilo lilikuwa ghala pia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor waliyakusanya mashairi hayo baada ya mtunzi kufa, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1940. Watu walikuwa wameyashika vichwani. Neno likidondoka, mizani yenyewe hushtaki.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliipa lugha ya watu nafasi kubwa zaidi katika Liturujia. Lakini watungaji wengine wa nyimbo hujali maana tu, na maneno huyasukuma kwa nguvu yaingie katika sauti. Wimbo wa namna hiyo hukaa katika karatasi, haukai moyoni. Asiyejua kusoma hunyamaza kanisani, wakati sala ni yake pia. Basi mtungaji na ahesabu kwanza silabi zake, ili bibi yule wa benchi la nyuma naye aimbe.