Pishi ya Hewa: Uzito wa Atomu Ulivyopatikana

Wazee wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, walipima nafaka kwa pishi na kibaba, vibaba 4 vikiwa pishi 1. Na kila mtu alijua pishi ya mchele si sawa na pishi ya tende. Tende zashindilika, mchele haushindiliki. Ukitaka haki, usitazame chombo tu, tazama pia kilichomo kimebanwa vipi.

Mas'ala hayo hayo yaliwasumbua wanasayansi, ila wao pishi yao ilikuwa ya hewa! Kwamba hewa ina uzito, al-Khazini wa Marw alishaeleza mwaka 1121 katika kitabu chake cha Mizani ya Hekima. Mwaka 1811, Avogadro wa Italia akasema: gesi mbili zikiwa na ujazo, joto na mgandamizo sawa, idadi ya molekuli zao ni sawa. Basi pima chupa ya oksijeni, pima chupa hiyo hiyo ikiwa na naitrojeni, linganisha, na uzito wa atomu umeupata. Rahisi, sivyo?

La, si rahisi. Gesi hazibaniki sawasawa. Molekuli za oksijeni na naitrojeni huvutana kidogo, zikajibana kupita kanuni ya Boyle ya 1662. Haidrojeni nayo hubanika pungufu. Kwa hivyo chupa ni moja, lakini idadi yapishana.

Wakati huo Stas wa Ubelgiji, bingwa wa mizani, alikuwa ametumia fedha na tindikali akapata naitrojeni ni 14.04. Nani angembishia?

Mwaka 1898 Daniel Berthelot wa Ufaransa alionyesha njia: mgandamizo ukipungua, molekuli hutengana, na tofauti baina ya gesi hutoweka. Rayleigh wa Uingereza akapima gesi kwenye mgandamizo wa angahewa 1, kisha nusu yake, akajua kila moja yapotoka kiasi gani. Alitoa matokeo yake mwaka 1905. Hesabu ikaja karibu na 14.01. Leo yajulikana ni 14.007. Stas alikuwa amezidisha.

Utasema, 0.03 ni kitu gani? Lakini hesabu za mbolea na dawa zasimama juu ya nambari hizo. Vijana wenzangu, bingwa hakusahihishwa kwa kelele. Alisahihishwa na waliorudi kupima upya, kwa subira.