Songea na Kura Isiyo na Mpinzani

Januari katika Songea ni mwezi wa mvua na palizi. Mtu wa Lizaboni au Bombambili anaweza kuwa na biashara yake mjini, lakini shamba lake la mahindi liko mbali na magugu hayana subira. Katika msimu huo huo, tarehe 13 Januari 2018, wapiga kura wa Songea Mjini waliitwa kwenye uchaguzi mdogo ili kumpata mrithi wa mbunge Leonidas Gama, aliyefariki Novemba 2017. CHADEMA ilikuwa imesusia, ikilalamikia vurugu za uchaguzi wa kata 43 uliofanyika Novemba hiyo hiyo. Damas Ndumbaro wa CCM alishinda kwa tofauti kubwa mno.

Uchaguzi wa aina hiyo ukimalizika, lawama za wachache kujitokeza huangukia mvua, shamba au uvivu wa raia. Sikubaliani nazo. Historia ya mji huu inaonyesha kwamba watu wake wamekuwa wakichagua kwa bidii tangu zamani, mradi uchaguzi wenyewe uwe na cha kuchagua.

Tuanze na tumbaku. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936. Mkulima aliyekuwa mwanachama wa chama cha msingi alikuwa na sauti katika kuwachagua viongozi wa kamati. Zaidi ya miaka ishirini baadaye ndipo serikali ya kikoloni ilipoleta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ule wa kura tatu wa 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambuliwa, kisha amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wakulima wengi waliokuwa wakimpima kiongozi wao kwa bei ya tumbaku hawakufikia masharti hayo. Ukaja uchaguzi wa Agosti 1960: katika viti 71, wagombea wa TANU 58 walipita bila kupingwa. Uhuru ulikaribia huku sehemu kubwa ya nchi ikiwa haijaliona sanduku la kura.

Mwaka 1965 mambo yalibadilika kidogo. Chama kilikuwa kimoja, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Hata waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Nauona mwaka huo kuwa muhimu kuliko unavyosimuliwa, kwa sababu ulimzoesha mwananchi kutafuta tofauti kati ya watu wawili wenye kadi ya aina moja.

Wakati huo huo, porini nje ya mji, kulikuwa na Litowa. Vijana wa TANU, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji hicho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kikawa kiini cha Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichofikia vijiji kumi na kadhaa. Wanakijiji waliamua mambo yao mkutanoni: kazi za shamba, mgawanyo wa mapato, shule ya watoto wao. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Siwezi kuiandika historia ya kura ya Songea nikaliruka jambo hili. Watu waliokuwa wanaamua kila wiki waliambiwa wasubiri kuamua mara moja kila miaka mitano.

Vyama vingi viliporudi, takwimu za taifa zilipanda na kushuka: takriban asilimia 72 mwaka 2005, chini ya 43 mwaka 2010, kisha 67 mwaka 2015, Lowassa wa upinzani alipokabiliana na Magufuli wa CCM katika kura ya urais, na zaidi kidogo ya 50 mwaka 2020. Songea Mjini, tangu Emmanuel Nchimbi alipoupata ubunge mwaka 2005, ilibaki na CCM katika chaguzi zote hizo. Kwa hiyo kinyang'anyiro kikali mara nyingi kimehamia kwenye kura za maoni ndani ya chama, ambako jembe na nyumba vinaishi bila alama zao. Tatizo ni kwamba mlango huo huingiwa na wachache, na vikao vya juu vinaweza kulibadili jina lililoongoza. Mwenye duka wa Mfaranyaki asiye na kadi ya chama hupelekewa jibu, kisha huombwa alipigie kura.

Oktoba 2025 Nchimbi alikuwa mgombea mwenza wa Rais Samia, na sasa ni Makamu wa Rais. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba asilimia 87 ya waliojiandikisha walipiga kura. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi, na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukufikia viwango vya kidemokrasia. Kwa mtafiti atakayetaka kuujua ukweli wa Songea, asilimia ya nchi nzima haisaidii. Atahitaji fomu za matokeo za kila kituo, kuanzia Matarawe hadi Ruhuwiko, tena za miaka yote, zikiwa mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuzisoma.