Stephen Keshi: Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Wahenga walituachia methali kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maisha ya Stephen Keshi, beki wa kati wa Nigeria aliyeiongoza timu ya taifa lake kwanza kama nahodha na baadaye kama kocha, yanatulazimisha kuuliza kama bado tunaiamini methali hiyo. Swali hilo linavuka mipaka ya viwanja vya mpira. Linamhusu kila mtaalamu mzawa anayepewa kazi na nchi yake huku akinyimwa muda na malipo ya kuifanya.

Keshi alizaliwa mwaka 1962 na kuanza kujulikana akiichezea New Nigerian Bank ya Benin City. Mwaka 1985, baada ya kusimamishwa na chama cha mpira cha nchi yake, alivuka kwenda Ivory Coast. Adhabu iliyokusudiwa kummaliza ikamfungulia njia. Kutoka Abidjan alikwenda Ubelgiji, akaichezea Lokeren, kisha Anderlecht, ambako alitwaa Kombe la Ubelgiji mwaka 1988 na 1989 na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Kutoka hapo alihamia Strasbourg ya Ufaransa. Vijana wengi wa Nigeria walipita Ubelgiji baada yake, miongoni mwao Daniel Amokachi, Sunday Oliseh na Victor Ikpeba. Wenzake walimwita "Big Boss", kwa sababu chumbani na uwanjani neno lake lilisikilizwa.

Katika timu ya taifa alionja kushindwa kabla ya kuonja ushindi. Nigeria ilipoteza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1984 na 1988, zote mbele ya Cameroon. Mwaka 1994 nchini Tunisia, Keshi akiwa nahodha wa kikosi, Nigeria iliifunga Zambia 2-1 katika fainali. Hiyo ndiyo Zambia iliyokuwa imepoteza wachezaji wake katika ajali ya ndege kwenye pwani ya Gabon mwaka mmoja kabla. Mabao yote mawili ya Nigeria yalifungwa na Emmanuel Amunike, jina ambalo msomaji wa Tanzania analifahamu vyema na ambalo nitalirudia.

Tusimpite kocha wa kikosi kile, Mholanzi Clemens Westerhof. Aliichukua Nigeria mwaka 1989. Mwaka 1990 timu ikawa ya pili Afrika, mwaka 1992 ikawa ya tatu, na mwaka 1994 ikawa bingwa. Ilimchukua miaka mitano. Alishindwa mara mbili kulitwaa kombe, na mara zote mbili aliachwa aendelee. Ubora wake haukanushiki, lakini ubora huo ulipewa nafasi ya kukomaa.

Sasa tumtazame Keshi kocha. Mwaka 2004 alikabidhiwa Togo, nchi ndogo ambayo haikuwahi kufika Kombe la Dunia. Oktoba 2005 Togo ilifuzu kwa kuifunga Congo 3-2 mjini Brazzaville, ikiiacha nyuma Senegal iliyokuwa imefika robo fainali ya dunia mwaka 2002. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Mataifa nchini Misri, Togo ilifungwa michezo yote mitatu, na Keshi akawa pia amegombana na mshambuliaji wake nyota, Emmanuel Adebayor. Hakuwa mtu mwepesi, na lawama fulani zilimstahili. Lakini hukumu ilikuwa ya haraka. Akaondolewa, akaletwa Mjerumani Otto Pfister kwenda kula matunda ya mti ambao hakuupanda. Huko Ujerumani Togo ilifungwa tena michezo yote mitatu, baada ya Pfister mwenyewe kuikimbia timu na kurudi kwa sababu ya mgogoro wa posho za wachezaji.

Nigeria nayo ilikuwa na mazoea hayohayo. Shuaibu Amodu aliifikisha kwenye Kombe la Dunia la 2002 na la 2010, na mara zote mbili akavuliwa kazi kabla ya mashindano. Mwaka 2010 nafasi yake ilichukuliwa na Lars Lagerbäck kutoka Sweden, na Nigeria ikarejea na pointi moja.

Keshi aliitwa nyumbani Novemba 2011. Alithubutu kuwapa nafasi wachezaji wa ligi ya ndani, na mmoja wao, Sunday Mba, ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Februari 10, 2013 dhidi ya Burkina Faso. Kabla yake ni Mmisri Mahmoud El-Gohary peke yake aliyewahi kulitwaa kombe hilo akiwa mchezaji na baadaye kocha. Siku moja baada ya ushindi, Keshi alitangaza kujiuzulu kwa kutoheshimiwa na viongozi wake, kisha akabembelezwa, akarudi. Mwaka huohuo, bingwa wa Afrika alikaa miezi bila mshahara. Mwaka 2014 nchini Brazil aliifikisha Nigeria hatua ya 16 bora. Oktoba ya mwaka huo aliondolewa, akarejeshwa baada ya wiki chache, na Julai 2015 akafutwa kazi kabisa. Juni 2016 alifariki dunia mjini Benin City akiwa na miaka 54. Siku chache baadaye, Amodu naye akafariki.

Tusidhani haya ni ya Nigeria pekee. Agosti 2018 Tanzania ilimwajiri Amunike, yule mfungaji wa Tunis. Machi 2019, kwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda jijini Dar es Salaam, alituvusha kwenda Kombe la Mataifa baada ya miaka 39. Nchini Misri tulifungwa na Senegal, Kenya na Algeria. Senegal na Algeria ndizo zilizokutana katika fainali. Hata hivyo Julai haikuisha kabla ya mkataba wake kuvunjwa. Michezo mitatu ilifuta miaka 39, kama ilivyokuwa kwa Keshi na Togo.

Walioamua kusubiri wamevuna. Senegal ilimpa kazi Aliou Cissé mwaka 2015, ikamvumilia alipopoteza fainali ya 2019, na akawaletea kombe lao la kwanza mwaka 2022. Mwaka huohuo Walid Regragui, naye beki wa zamani, aliifikisha Morocco nusu fainali ya dunia, na timu zote tano za Afrika ziliongozwa na wana wa nchi hizo.

Sidai kwamba mzawa ni bora kwa sababu tu ni mzawa. Ninachodai ni kipimo kimoja kwa wote. Tunayempa mgeni miaka mitano ya kujifunza kwa makosa yake, tumpe na wa kwetu miaka hiyohiyo, na mshahara wake alipwe mwezi unapokwisha. Kumtunza mchezaji wa nyumbani huanza hapo, wakati bado yuko hai.