Sauti za Vibarua wa Migomba ya Martinique

Sisi tuliokulia kwenye migomba twamjua fukusi, mdudu anayeitoboa shinani mpaka ianguke. Katika visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Karibi, fukusi aliwatia hasara wenye mashamba makubwa ya ndizi. Kwa hiyo, mwaka 1972, serikali ya Ufaransa iliruhusu unga wa klordekoni utumike. Vibarua, wanaume kwa wanawake, wengi wao wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, waliumwaga kwenye shina la kila mgomba, mara nyingi kwa mikono mitupu.

Mwezi wa Februari 1974 vibarua wa Martinique waligoma. Walidai nyongeza ya mshahara. Walidai pia kwamba dawa zenye sumu, klordekoni ikiwa mojawapo, ziondolewe mashambani. Tarehe 14, huko Chalvet, askari waliwafyatulia risasi, na kibarua Rénor Ilmany akafa. Unga ukaendelea kumwagwa.

Mwaka uliofuata, katika mji wa Hopewell nchini Marekani, kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo kilifungwa. Wafanyakazi wake walikuwa wakitetemeka, wamekonda, na mbegu zao za uzazi zimepungua. Hata hivyo Ufaransa haikuipiga marufuku hadi mwaka 1990, na visiwani ikaruhusu itumike mpaka 1993.

Sumu ya namna hii haiui kwa siku moja. Huingia mwilini kidogo kidogo na kuvuruga homoni. Utafiti uliofanywa Guadeloupe ulionyesha kwamba wanaume wenye klordekoni nyingi damuni walipatwa zaidi na saratani ya tezi dume. Tena hudumu ardhini miaka mingi mno, hata imeonekana katika damu ya zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 visiwani humo.

Mwezi wa Desemba 2021, Ufaransa iliitia saratani hiyo katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa wakulima waliotumia dawa za kuua wadudu. Tangu mgomo ilikuwa imepita miaka 47.

Vijana wapendwa, kabla daktari hajapima damu, kibarua alikuwa amekwisha kusema. Basi, mwenzetu anayenyunyizia mashamba dawa akituambia kwamba kichwa kinamuuma na macho yanamwasha, tumsikilize leo.