Dhamana mjini Juba

Haki ya mtu aliyekamatwa kuachiwa kwa dhamana iliandikwa katika sheria za Sudan kabla mji wa Juba, ambao leo ni mji mkuu wa Sudan Kusini, haujajengwa. Mwaka 1899, Uingereza na Misri zilipotiliana saini mkataba wa kuitawala nchi hiyo kwa pamoja, utawala mpya ulitoa sheria mbili: ya makosa ya jinai na ya mwenendo wa mashauri ya jinai. Zote zilifuata mfano wa India. Huko India makosa yalikuwa yamegawanywa mafungu mawili. Kwa yale yenye dhamana, polisi alipaswa kumwachia mshukiwa mara tu alipopatikana mdhamini. Kwa mengine, uamuzi ulikuwa wa hakimu. Shina hilohilo lilipandwa Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika, na ndiyo maana msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiuona utaratibu wa Juba hatauona mgeni.

Juba yenyewe ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, makao ya mkoa yalipohamishwa kutoka Mongalla. Waingereza waliokuwa kusini mwa Sudan walikuwa wachache, na mashauri mengi wakawaachia machifu. Sheria ya mahakama za machifu ya mwaka 1931 ilizipa mabaraza hayo nguvu rasmi. Katika mabaraza hayo mtu hakusimama peke yake: ukoo ulimjibia, ukalipa fidia ya ng'ombe, ukahakikisha anafika mbele ya wazee. Kwa hiyo wazo la mdhamini lilikuwa jambo la kila siku kusini tangu zamani. Lililokuwa geni ni hati, sahihi na kituo cha polisi.

Vita viliharibu njia zote mbili. Baada ya uasi wa askari wa kusini mjini Torit Agosti 1955, na hasa chini ya serikali ya kijeshi ya Jenerali Abboud kuanzia 1958, raia wengi wa kusini walishikwa na jeshi badala ya polisi. Mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ulileta nafuu kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1983 Rais Nimeiri akaifuta serikali ya mkoa wa kusini na kutangaza sheria za Kiislamu zilizoitwa sheria za Septemba, na vita vikarudi. Juba ikabaki mikononi mwa jeshi la Khartoum. Waasi wa SPLA walipoushambulia mji huo Juni na Julai 1992, mamia ya wakazi walikamatwa. Wengi walipelekwa katika kambi ya kijeshi iliyojulikana kama Nyumba Nyeupe na hawakuonekana tena. Hakuna dhamana inayoweza kuombwa pale ambapo hata kukamatwa kwenyewe kunakanwa.

Sheria inayotumika leo ilitokana na amani ya Januari 2005 iliyomaliza vita hivyo. Mwaka 2008 bunge la Sudan Kusini, ambayo ilikuwa bado sehemu ya Sudan, lilipitisha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, na Katiba ya Mpito ya 2011 ikaipa haki hiyo uzito zaidi. Kifungu cha 19 kinasema kila mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aelezwe sababu ya kukamatwa wakati anapokamatwa. Polisi wanaweza kumshikilia kwa uchunguzi kwa muda usiozidi saa 24. Wasipomwachia kwa hati ya dhamana, wamfikishe mahakamani, na mahakama ndiyo iamue kumrudisha rumande au kumwachia kwa dhamana. Saa hizo 24 ndizo moyo wa jambo lote. Zikipita kimya, mahabusu huanza kusahauliwa.

Dhamana si faini, wala si ada ya kufunguliwa mlango. Mdhamini huahidi kwa maandishi kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi, na asipofika, mdhamini atadaiwa kiasi kilichotajwa katika hati. Fedha iliyowekwa hurudishwa masharti yakitimizwa. Jambo hili lapaswa kujulikana na kila familia, kwa sababu asiyelijua hulipa chochote anachoambiwa.

Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch lilichunguza magereza ya Sudan Kusini na kukuta kwamba takriban theluthi moja ya wafungwa walikuwa hawajahukumiwa. Wengine walishikwa kwa madeni, wengine kwa niaba ya ndugu aliyekimbia. Hapo desturi ya ukoo kumjibia mtu wake ilikuwa imepinduliwa vibaya: badala ya jamaa kuaminiwa kama mdhamini, aliwekwa ndani kama rehani. Ripoti nyingine zimeeleza kuwa maofisa wengi wenyewe hawakuifahamu dhamana, na kwa nadra waliwaeleza waliokamatwa kwamba ipo. Mwaka 2017 majaji waligoma kwa miezi kadhaa wakidai mishahara na vitendea kazi. Bila jaji kazini, haki ya kufikishwa mbele yake haikuwa na pa kutekelezwa.

Tanzania inaonyesha mahakama inachoweza kufanya ikipewa nafasi. Katika kesi ya Daudi Pete ya 1991, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilibatilisha kifungu cha sheria kilichowanyima dhamana washtakiwa wa aina fulani za makosa, kwa kuwa kilipingana na katiba.

Juba, kikwazo kikubwa kimekuwa nje ya mahakama. Katiba ya Mpito inaitaka Idara ya Usalama wa Taifa ijishughulishe na kukusanya na kuchambua taarifa na kutoa ushauri, lakini sheria ya idara hiyo ya 2014 iliwapa maofisa wake mamlaka ya kukamata. Mchumi Peter Biar Ajak alikamatwa uwanja wa ndege wa Juba Julai 2018, akashikiliwa katika jengo la idara hiyo liitwalo Blue House, na kesi yake haikuanza hadi Machi 2019. Julai 2024 bunge lilipitisha marekebisho ya sheria hiyo na kuacha mamlaka ya kukamata bila hati mahali pake. Rais hakuyatia saini, lakini muda uliowekwa na katiba ulipokwisha mwezi Agosti, yakawa sheria.