Jicho Linalovimba: Tusikisie

Leo tunazungumza juu ya jicho la mtoto linalovimba na kutokeza nje. Hapa Kericho na Bomet wengi husema ni mdudu wa majani chai, kisha tunatia maziwa ya mama au dawa iliyobaki. Historia inatuonya.

Jicho hukaa ndani ya tundu la mfupa. Nafasi ni ndogo, kwa hivyo chochote kikivimba nyuma yake, jicho husukumwa mbele. Ndiyo maana magonjwa tofauti hufanana.

La kwanza ni usaha, ambao mara nyingi hutoka kwenye vishimo vya hewa kando ya pua. Kabla ya penisilini kuenea miaka ya 1940, usaha huo uliua na kupofusha wengi.

La pili lilielezwa mwaka 1905 na daktari Mjerumani, Birch-Hirschfeld. Macho yalikuwa yakitolewa kwa kudhaniwa kuwa yana saratani. Yalipopimwa, saratani haikuwepo. Nyama za ndani zilikuwa zimevimba tu. Siku hizi dawa za steroidi hutuliza uvimbe huo.

La tatu liligunduliwa kwa jirani zetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya. Saratani hiyo, limfoma ya Burkitt, huweza kusukuma jicho pia. Hukua upesi sana, lakini wengi hupona wakitibiwa mapema.

Mtego uko hapa, mama. Steroidi huweza kupunguza saratani hii kwa muda, ukadhani mtoto amepona. Na penye usaha, steroidi bila dawa ya kuua vijidudu huweza kueneza ugonjwa. Kwa hivyo daktari huhitaji picha ya mashine ya CT, iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na pengine hukata kipande kidogo cha uvimbe akipime. Vipimo hivyo havipatikani katika kila zahanati.

Basi jicho likitokeza, lisipogeuka vizuri, mtoto akiona ukungu au akiwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ina kliniki ya macho. Mweleze daktari kila dawa uliyotia, bila aibu. Ukiambiwa umpeleke hospitali kubwa zaidi, usingoje bonasi ya chai. Bonasi itakuja tena. Jicho likipotea halirudi.